Mtu Aliyesema "Mimi" kwa Niaba ya Wote

Bwana Crispus Mwandawiro, mkalimani mkuu wa mahakama yetu ya Voi, anastaafu rasmi tarehe 31 Agosti 1987, baada ya kuitumikia serikali kwa miaka ishirini na tisa. Alipoajiriwa alikuwa na nywele nyingi na koti moja la kahawia. Nywele zimekwenda zake, koti lipo, na leo amelivaa. Kamati ya sherehe ilimkabidhi mpiga taipu wa ofisi, Priscilla Nanzala, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa hoja kwamba hakuna aliyemsikiliza bwana huyu zaidi yake isipokuwa Bi. Elsie, mkewe, ambaye alijitetea kwamba ameshasikiliza vya kutosha.

Bwana Crispus ni mwenyeji wa Wundanyi, lakini alikulia hapa hapa Voi, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kwa kuwa baba yake alikuwa akifanya kazi stesheni. Huko ndiko alikopatia utajiri wake. Kidawida alikinyonya kwa mama, Kijaluo alikiokota kwa watoto wa majirani wakicheza mpira wa matambara, Kikamba alikipata sokoni, na Kiingereza alichapwa mpaka kikaingia katika shule ya misheni. Mwaka 1958 aliandikwa tarishi katika mahakama ya wazee kule milimani, upande wa kwao Wundanyi. Kazi yake ilikuwa kupeleka hati za kuwaita watu kortini. Lakini kila alipofika kwa mtu alikaa kumweleza hati inasema nini, kisha inamaanisha nini, kisha yeye mwenyewe anaonaje, mpaka wakubwa wakaona heri mdomo huu upewe kazi inayoufaa. Akawa mkalimani. Mahakama hizo za zamani zilipovunjwa mwaka 1967, alihamishiwa Voi, na tangu hapo hajatoka.

Tusidanganyane kwamba hakuwa na dosari. Shahidi aliweza kusimulia kisa chake kuanzia mvua za mwaka juzi, akapita kwa shangazi zake wote mmoja mmoja, akamaliza akitokwa na jasho. Bwana Crispus angekohoa, akaweka sawa kola ya koti, akamwambia hakimu, "Nakana." Siku nyingine mtu alijibu kwa kutikisa kichwa tu, na Bwana Crispus akakitafsiri kile kichwa kwa sentensi tatu. Mahakimu waliopita hapa wote walilalamika juu ya jambo hilo, na wote walipohamishwa waliandika kuuliza hali yake.

Kuna sheria moja ya ukalimani, hata hivyo, ambayo hakuivunja hata siku moja, nayo ndiyo iliyomletea balaa kwanza na sifa baadaye. Mkalimani wa mahakama hasemi, "Huyu anasema aliiba." Husema, "Mimi niliiba." Anayabeba maneno ya mwenyewe kama yalivyotoka, na "mimi" yake ndani. Kwa hiyo katika utumishi wake Bwana Crispus ameungama mbele ya sheria kwamba ameiba mbuzi, ametengeneza pombe haramu ya chang'aa, amelala kazini katika shamba la mkonge, na kuna asubuhi moja alikuwa mjamzito wa miezi saba. Sisi wa ofisini tulizoea. Watu wa nje hawakuwa wamezoea, na hapo ndipo shida ilipopata mlango.

Kesi zilizomchosha zaidi zilikuwa za nyumbani. Wenye kesi hizo hawakuja na wakili, kwani mawakili walikuwa Mombasa na mke na mume walikuwa Voi. Kila mmoja alisimama peke yake na uchungu wake, akasema mwenyewe, na yote waliyotupiana yalipita katika kinywa cha Bwana Crispus. Kabla ya chai alikuwa mume anayemwita mkewe mvivu. Baada ya chai alikuwa mke anayemwita mumewe mlevi. Akitoka huko alinawa uso kwanza ndipo aseme na mtu.

Sasa aingie Bi. Wakio wa Mghange, huko milimani, mama yake Elsie. Kwa desturi mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni wala hawasemezani ovyo; la kusema likiwapo, linapitia kwa mtu wa tatu. Kwetu magharibi mwa Kenya ni vivyo hivyo, kwa hiyo mwandishi hakuhitaji kufundishwa. Bi. Wakio alikuwa amesikia kwamba mume wa binti yake huzungumza na hakimu ana kwa ana, na kwamba hakimu huandika kila anachosema. Akatamani kuyaona kwa macho yake. Siku moja ya mwaka 1971, alipoteremka Voi kwa shughuli zake, alijifunika kanga mpaka kwenye nyusi ili heshima isivunjike, akaingia mahakamani, akaketi kwenye benchi la nyuma kabisa, moyo umejaa fahari.

Aliyekuwa akijieleza wakati huo ni Nashon Oduor, fundi wa reli. Mkewe, Awiti, alikuwa amemshtaki akitaka matunzo ya watoto, na Oduor alikuja amefura. Akasema kwa Kijaluo, kwa kirefu, mikono ikienda huku na huku. Alipomaliza, Bwana Crispus alikohoa, akashika kola, akasema kwa Kiswahili safi, "Mimi simtaki tena mwanamke huyu. Arudi kwao, na watoto waende kwa mama yangu." Hakimu akaandika.

Bi. Wakio hakujua Kijaluo hata cha kuombea maji, lakini Kiswahili hicho alikielewa neno kwa neno, na aliyekisema alikuwa mkwewe. Hakungoja zaidi. Alipanda gari la kwanza la kwenda milimani, na jua halijatua, Elsie na watoto wote, pamoja na sufuria kubwa ya nyumba, walikuwa wamehamishwa kutoka nyumbani Wundanyi hadi Mghange, kabla bibi yao mwingine hajaja kuwachukua. Bibi huyo mwingine, mama yake Crispus, alikuwa kwake akichambua mboga, hana habari yoyote.

Jumamosi Bwana Crispus alifika nyumbani Wundanyi akakuta jiko baridi. Jirani alipomweleza, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. Angemweleza nani? Mwenye kuamini kosa hilo ndiye mtu pekee katika wilaya nzima ambaye hakuruhusiwa kumsemesha. Mkalimani alikuwa anahitaji mkalimani.

Alimtuma ndugu yake, Elijah, ambaye alirudi na majibu mawili. La Bi. Wakio lilikuwa kwamba alisikia kwa masikio yake, hakimu akaandika, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. La Elsie lilikuwa gumu zaidi. Elsie alijua kazi ya mumewe tangu siku ya posa, na alijua vizuri kabisa kwamba yale maneno hayakuwa ya Crispus. Lakini alimwambia Elijah kwamba kikao kimeshaitishwa, wazee wameshaambiwa, basi na kikae, kwa sababu yeye pia anayo yake ya kusema.

Ndugu zangu, mwoneni Bwana Crispus siku ile, amesimama mbele ya wazee na kina mama wa Mghange, bila wakili, akijitetea mwenyewe kama watu wote aliokuwa akiwabebea maneno. Mama mkwe wake ameketi pembeni, amempa mgongo kwa heshima na kwa hasira. Akakohoa, akashika kola, akasema, "Mimi nampenda mke wangu." Mzee mmoja akamwuliza kwa upole kabisa kama hayo anayoyasema ni yake au kuna mtu amemtuma. Hakuna aliyecheka. Walitaka kujua kweli. Bwana Crispus, mwenye lugha tano, hakupata neno hata katika moja. Kinyozi hajinyoi. Aliomba shauri liahirishwe, na kwa jinsi alivyochanganyikiwa aliomba kwa Kiingereza.

Usiku huo hakulala. Ametueleza mara nyingi kwamba aliogopa, na si jambo analopenda kulitia chumvi. Aliona kwamba mwanamume anaweza kupoteza nyumba yake kwa maneno ya mtu mwingine, na asiwe na maneno yake ya kuirudishia.

Basi akamwendea Oduor, ambaye kesi yake nayo ilikuwa imeahirishwa. Oduor alikataa. Nani apande mlima kwenda kujianika mbele ya watu asiowajua? Bwana Crispus akamwambia kwamba yeye alilibeba neno la Oduor kwa asubuhi moja tu na limemfukuzia mke. Haki ni kwamba mwenye neno naye alibebe kidogo. Oduor alifikiri, akaazima koti, akapanda.

Alisema vizuri. "Hayo maneno ni yangu, si ya huyu. Huyu alibeba tu." Wazee wakatikisa vichwa kukubali, na mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini kina mama wa Mghange hawaachi jambo nusu. Wakamwuliza huyo mkewe yeye alisema nini. Oduor akaanza, "Ati anasema..." Elsie, aliyekuwa akipukuchua maharagwe, akamkata hapo hapo. Akamwambia aache mambo ya ati. Kama Crispus aliyasema maneno ya Oduor kwa "mimi", basi naye Oduor ayaseme ya Awiti kwa "mimi".

Oduor akacheka kidogo, akajaribu. "Mimi Awiti. Mume wangu akitoka kazini anapitia kwa marafiki. Watoto wanauliza baba yuko wapi, nawaambia yuko safari. Sasa yule mdogo anafikiria baba yake ni dereva wa treni." Akaomba maji. Stesheni anakofanya kazi iko karibu na nyumba yake kiasi kwamba akipigiwa mluzi anasikia. Alisema baadaye kwamba ilikuwa mara ya kwanza kuyasikia maneno ya Awiti bila sauti ya Awiti, na alipotafuta mtu wa kumkasirikia hakumwona.

Elsie akamgeukia mumewe. "Sasa wewe, sema yangu." Bwana Crispus akakohoa, akashika kola, kisha akaiachia. "Mimi Elsie. Mume wangu amesema maneno ya watu wote wa wilaya hii. Akifika nyumbani Jumamosi anasema amechoka kusema." Hakuna aliyemwuliza tena kama ametumwa. Ndipo Elsie naye akasema ya mumewe, kwamba mimi Crispus nimetukana na kutukanwa wiki nzima, na nyumbani natamani kimya, lakini sikumwambia mke wangu kwa sababu nilidhani anajua. Jioni hiyo sufuria kubwa iliteremka kwenda Wundanyi, na Elsie na watoto wakiifuata.

Aliyebaki ni Bi. Wakio. Wazee walimwomba naye ayaseme ya mkwewe kwa "mimi", ili mambo yaishe. Akainuka, akasema kuku wake hawajafungiwa, akaondoka. Binti alimwachia arudi kwa mumewe, lakini neno la kumsafisha mkwewe hakulitoa. Tangu siku hiyo, kimanga cha mihogo na maharagwe yaliyopondwa kikitoka Mghange kwenda kwa familia, watoto huletewa katika bakuli kubwa na baba yao katika bakuli dogo. Kila Krismasi wajukuu humletea Bwana Crispus salamu za bibi yao, pamoja na swali kama bado ana msimamo ule ule. Kila mwaka yeye hucheka mbele yao, kisha hutoka nje kidogo. Elsie ndiye aliyetueleza hilo la kutoka nje.

Oduor na Awiti walikutana kwenye veranda ya mahakama siku ya kesi yao. Oduor alimwambia Bwana Crispus kwamba leo ukalimani atafanya mwenyewe. Akasema ya Awiti mbele ya mwenyewe, na Awiti kwa mshangao akasahau kukasirika. Naye akasema ya Oduor, pamoja na lile la kutaka watoto waende kwa bibi, ambalo kumbe lilitoka katika hofu kwamba hapa Voi watoto wanakua hawamjui baba yao. Walipoingia ndani walikuwa na mapatano, na hakimu hakuwa na kazi zaidi ya kuyaandika. Oduor yupo nasi leo. Samaki mnaowanusa ni wa Awiti.

Hakimu wa wakati huo alitaka kujua ilikuwaje, na Bwana Crispus akamweleza, safari hii kwa kirefu. Hakimu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Akaruhusu kwamba mashauri ya nyumbani, ambayo pande zote mbili hazina wakili na zote mbili zimekubali, yapite kwanza kwa Bwana Crispus kabla ya kusikilizwa. Tulipewa chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya vitu vya ushahidi. Kazi ya kwanza ilikuwa kuondoa mapanga. Polisi walishauri kwamba mitungi ya chang'aa itangulie, na walijitolea kuibeba wenyewe. Wananchi wakakiita Chumba cha Mimi, na jina limeshika hata kwenye barua rasmi.

Wengi wenu mnamkumbuka Mbuvi na mkewe, Mbithe, wenye hoteli ya kando ya barabara kule Miasenyi. Mbithe alipoambiwa aseme ya mumewe, hakusema tu. Alichechemea kama yeye, akapiga chafya ya ugoro kama yeye, akalalamika juu ya chai ya Mbithe kama yeye. Mbuvi alicheka mpaka machozi, akasema hajawahi kutetewa vizuri namna hiyo, akaomba mkewe aendelee. Walipatana kabla hatujaleta viti vya kutosha. Kulikuwa pia na mkulima wa Taveta aliyesema ya mkewe vizuri kuliko mkewe mwenyewe, akalia, akafuta macho, akasema hata hivyo hapana. Waliachana, lakini walipanga wenyewe watoto watakaa wapi na lini, na walipeana mkono. Bwana Crispus huhesabu shauri hilo miongoni mwa ushindi wake.

Yapo mashauri yaliyokatazwa kuingia chumba kile. Mwanamke akija na jeraha, au akimtazama mumewe kwanza kabla ya kujibu, Bwana Crispus alifunga mlango, akampeleka moja kwa moja kwa hakimu. Midomo inabadilishana, alikuwa akisema, lakini jino lililong'olewa lina mwenyewe. Mwandishi amepiga taipu mapatano mengi ya chumba hicho, na anaweza kushuhudia kwamba hakuna aliyelazimishwa. Mheshimiwa hakimu wetu wa sasa ametuhakikishia kwamba chumba kitaendelea.

Limebaki moja. Mwezi uliopita mwandishi alipanda Mghange kutafuta habari za kuujazia wasifu huu. Bi. Wakio sasa ni ajuza, macho yamepungua nguvu, ulimi haujapungua. Alizungumza juu ya mvua, juu ya nyonga yake, juu ya vijana wa siku hizi. Juu ya mkwewe hakusema lolote. Wakati wa kuagana ndipo alipouliza kama ni kweli kwamba yule bwana ameacha kusema maneno ya watu. Aliambiwa ni kweli. Akauliza kama hatarudi tena kule mbele ya hakimu. Aliambiwa hatarudi.

Kisha akajiweka sawa, akakohoa, akapeleka mkono shingoni, mahali ambapo koti lingekuwa na kola. Alikuwa amemwona mkwewe akiwa kazini siku moja tu maishani mwake. Akasema, "Mimi sikumkataa mke wangu. Nilikuwa kazini."

Halafu akaagiza liandikwe, kwa kuwa lile la kwanza nalo liliandikwa. Mwandishi aliandika pale pale, akiwa amesimama, na hakuona vizuri alichokuwa akiandika.

Bwana Crispus, hili ndilo shauri lako la mwisho, na limekwisha nje ya mahakama, kama upendavyo. Asante kwa kutubebea maneno yetu yote, mazuri na yale ambayo wenyewe tulikuwa tunayaonea haya. Nenda nyumbani ukaseme yako, kwa Kidawida, pole pole, Elsie anasikiliza. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake, na siku nyingi zenye raha. Na kabla hujasimama kutoa hotuba, funua bakuli lililowekwa mbele yako. Limetoka Mghange, na ni lile kubwa.